Mahafali ya mdogo wetu, watu 120 Tabata: pilau, biriani au wali wa nazi?

Mwanakamati wa Tabata

Wakuu habari zenu. Jumamosi ya mwisho ya Novemba tuna sherehe ya mdogo wetu anayemaliza chuo. Waalikwa ni 120, hema linafungwa nyumbani, wageni wataanza kufika saa 10 jioni na chakula kitafunguliwa saa 1 usiku. Kamati imegawanyika: wazee wanataka biriani, vijana pilau na kuku, shangazi anasisitiza wali wa nazi. Tunapika wenyewe kwa mkaa, wapishi wanne. Naomba vipimo kamili tafadhali. Na ndafu tuweke au tuache?

Jungu Kuu

Dada, hongereni sana. Pikeni pilau na kuku.

Hesabu isiishie 120. Kuna wapishi, MC, watu wa muziki, mpiga picha na majirani waliowaazima viti. Wekeni 130. Kilo moja ya mchele inatoa sahani 8, kwa hiyo kilo 16 zinatosha, maana watoto hawamalizi sahani. Mkienda sokoni Tandale chukueni mchele wote kwenye gunia moja. Ukichanganya mpya na wa zamani kwenye jungu moja, mpya unavurugika wakati wa zamani bado una kiini.

Kilo 16 zisiingie sufuria moja. Gaweni 8 kwa 8. Sufuria ikizidiwa, chini kunaungua, katikati panakuwa bokoboko, juu mchele haujaiva. Kila sufuria iwe na nyama ya ng'ombe kilo 4, vitunguu maji kilo 2, viazi mviringo kilo 3, mafuta lita moja na robo, na bizari nzima vijiko 8 vya chakula. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga ziwe kidogo, hasa karafuu, kwani ikizidi inaleta uchungu ambao hauondoki. Nyama ichemke kwanza na tangawizi, saumu na chumvi, na supu yake muitunze. Vitunguu vikaangwe hadi viwe rangi ya kahawia iliyokoza, kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo. Vikiungua, tupeni muanze upya. Maji hayaondoi uchungu wa kitunguu kilichoungua.

Sasa maji, ndipo shughuli nyingi zinapoharibikia. Ndoo ya lita 10 ikijaa hadi mdomoni inachukua mchele wa karibu kilo 8. Ukishalowekwa nusu saa na kuchujwa, supu na maji kwa pamoja yasizidi ndoo moja na nusu. Ule mtindo wa kikombe kimoja kwa viwili unafaa sufuria ndogo inayopoteza mvuke mwingi. Jungu lenye mfuniko mzito halipotezi kiasi hicho. Mchele ukiwa mpya, punguzeni lita moja zaidi. Mimineni mchele supu ikiwa inachemka, geuzeni mara moja kutoka chini, basi. Maji yakishuka usawa wa mchele na vitundu vya mvuke vikaonekana juu, punguzeni mkaa chini, funikeni, palieni mkaa juu ya mfuniko, dakika 25 hadi 30. Anayekuja kugeuzageuza na mwiko muondoeni jikoni. Punje zinakatika, wanga unatoka, pilau linashikana.

Bizari Nzima

Naungana na Jungu Kuu, ila wazee wasidhaniwe wamekosea. Biriani lina faida yake: rosti na wali vinapikwa mbali mbali, kwa hiyo wali ukikosewa rosti inabaki salama. Tatizo ni gharama. Linataka nyama kilo kwa kilo na mchele, pamoja na mtindi, nyanya na vitunguu vya kukaanga vingi mno. Kwa wapishi wanne wanaokaanga na kuku pia, ni mzigo.

Wali wa nazi kwa Novemba ya Dar, hapana. Tui linachacha haraka kwenye joto, na huo wali utakaa masaa kabla ya kuliwa. Shangazi mfurahisheni kwa maharage ya nazi, sufuria moja, yaliyopikwa mwisho kabisa. Wasiokula nyama nao watapata kitu, wakipikiwa na sufuria ndogo ya wali mweupe pembeni.

Ndafu wekeni kama heshima ya mhitimu, msiihesabu kama mlo. Mbuzi aliyechinjwa na kuchunwa wa kilo 12 akishachomwa na mifupa kutolewa anabaki nyama karibu nusu ya hapo. Ni vipande vya kuonja. Mchinjaji awe Mwislamu, kila mgeni ale bila kuuliza.

Mwanakamati wa Tabata

Asanteni mno. Kuku tunaweza kuwakaanga nusu Ijumaa usiku, tukamalizia Jumamosi?

Mshika Upawa

Usifanye hivyo, dada yangu. Kuku aliyeiva nusu anapata joto la kuzalisha vijidudu bila joto la kuviua. Ijumaa kata na kuwapaka limau, tangawizi, saumu na chumvi, walale kwenye friji. Kuku 17 wakikatwa vipande 8 kila mmoja unapata 136. Anza kukaanga saa 11 jioni, kidogo kidogo. Ukijaza karai, mafuta yanapoa na kuku ananywa mafuta badala ya kukauka.

Pilau likiiva libaki kwenye sufuria juu ya makaa machache, au liingie hotipoti likiwa linafuka. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60. Kilichopoa kisikae mezani zaidi ya masaa mawili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 iwe lisaa limoja tu. Wali una kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemka, na sumu yake haiondoki hata ukipasha moto tena. Kwa hiyo pilau lililobaki mezani usiku kucha lisigawiwe majirani asubuhi.

Kuanzia saa 10 hadi saa 1 wageni wana njaa. Sambusa mbili kwa mtu ni 260, na kilo moja ya nyama ya kusaga ikichanganywa na vitunguu inatoa kama 40. Zikitoka kwenye mafuta zisifunikwe na nailoni, zitalainika zote.

Kachumbari ikatwe saa 12, ila chumvi na limau viingie chakula kinapofunguliwa. Chumvi inavuta maji ya nyanya, ndiyo maana beseni linakuwa supu.

Kwenye meza, pilau watu wajipakulie. Kuku wagawiwe na mtu mmoja mwenye koleo, kipande kimoja kimoja, hadi mstari wote upite. Bila huyo mtu, wa mwisho wanakuta chombo kitupu. Soda mbili kwa kila mtu ni kreti 11 za chupa 24, na chupa tupu zikusanywe usiku ule ule kabla hema halijashushwa, maana kila inayopotea mtailipia.