Ami kagoma kumuozesha mdogo wangu kisa chama, nifanyeje?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie wa Wete, Pemba. Baba kashafariki na babu pia, ami, nduguye baba, ndo mkubwa wetu. Mdogo wangu wa kike kaposwa na kijana wa Micheweni, dini anayo, kazi anayo, hata mahari tushakubaliana. Tatizo ami ni CCM damu na baba wa kijana ni mtu wa upinzani, ACT sasa, toka enzi za CUF. Tangu uchaguzi salamu hakuna, juzi markiti ami kashafungiwa samaki wake, akamuona yule mzee anaongea na muuzaji, akaurudisha mfuko akaondoka. Kanambia "mkimuoza kule, hata nikifa msije kunizika". Nimechanganyikiwa wallahi.

Mtu wa Konde: Pole sana. Sie tulioona ya baada ya uchaguzi wa 1995 tunayajua haya, watu walisusiana maduka, gari, misikiti mpaka maziko, halafu ikaja Januari 2001 watu wakauliwa wengine wakakimbilia Shimoni Kenya. Muulize ami kwa upole kilichomuuma hasa, sidhani kama ni huyo kijana.

Binti Chake: Mbona mnamuogopesha? Kwa madhehebu yetu ya Shafii baba na babu wakiwa hawapo walii, yaani mwenye haki ya kumuozesha, ni kaka, ami anakuja nyuma yako. Kama ushabaleghe muozeshe mdogo wako, mtoto wa watu asikose mume kwa ajili ya kadi za chama.

Mwalimu Mkoani: Bi Chake kisheria kasema kweli, lkn kaka usimruke ami kabla hujamtumia watu. Tafuta CCM mwenzake anaemuheshimu, au imamu wake, wakae nae nyumbani baada ya isha bila ya kelele. Kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, usende kabisa, akiingia sheha tu kule Micheweni watasema serikali imetumwa na posa inavunjika.

Mtu wa Konde: Na mkumbushe Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikutana Ikulu Novemba 2009, mwaka uliofuata ikapigwa kura ya maoni na serikali ya umoja ikaja. Wao walipeana mikono, yeye anamrudishia nani samaki?

Muanzisha uzi: Ahsanteni mno, hilo la walii nilikuwa silijui. Kuna mzee mmoja wa tawi lao walisoma chuo pamoja na ami, kesho namfata. Akikataa na huyo je, nisubiri mpaka lini? Maana upande wa kijana wanataka ndoa kabla ya Ramadhani.

Binti Chake: Mpe ami mpaka Shaaban inaingia, na umwambie tarehe mwenyewe kwa mdomo wako, asiisikie njiani.