Kumzoesha mtoto wa mbwa kizimba ili abaki nyumbani peke yake: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini
Wakuu, habari za jioni. Nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili na nusu, chotara. Mimi na mwenzangu tunatoka wote asubuhi kwenda kazini na nyumbani habaki mtu. Tukishafunga geti anabweka mpaka sauti inamkauka, na majirani wameshaanza kulalamika. Fundi amenichongea kizimba cha mbao, kipo barazani, ila sitaki kumtupia mle ghafla akaona kama jela. Waliofanikiwa mlianzaje? Naomba uzoefu wa huku kwetu kusini, kwenye joto hili.

Mdau wa Chikongola
Mkuu, mimi nilianza bila mlango. Niliung'oa kabisa, nikaweka gunia safi chini, na chakula chake chote akawa anakula mle: ugali laini na dagaa. Bakuli nalisogeza ndani kidogo kidogo mpaka likafika ukuta wa nyuma. Hakuna kumsukuma wala kumvuta.

Alipoanza kuingia mwenyewe mchana kulala, ndipo nikarudisha mlango. Naufunga akiwa anakula, naufungua kabla hajamaliza kulamba bakuli. Baadaye nikawa nachelewa kidogo kuufungua, nimekaa pale pale nachambua mchicha. Halafu nikawa naingia ndani nisionekane. Halafu naenda dukani na kurudi. Akianza kulia, ujue umeruka hatua, rudi kwenye ile aliyoiweza.

Kuna dalili nilikuwa naisubiri kabla ya kuongeza muda. Anajizungusha, anakwaruza gunia kwa kucha, anajikunja na kuficha pua chini ya mkia. Akifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa na wewe haupo karibu, kazi imeiva.

Na usimuage kwa maneno mengi. Chukua funguo, toka. Ukirudi mpeleke moja kwa moja pale anapojisaidia, salamu zitafuata.

Mama wa Mikindani
Baba, mwenzangu kaeleza vizuri, mimi nisemee mahali. Baraza linalotazama magharibi lina kivuli asubuhi, lakini ikifika saa nane jua lote liko mle. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Umfungie kwenye stoo ya bati isiyopitisha hewa, Novemba au Desemba kabla mvua hazijakolea, unaweza kurudi ukamkuta amekufa. Changu nilikiweka chini ya mwembe, ubavuni waya badala ya mbao, juu makuti. Miguu ya kizimba imesimama kwenye makopo yenye maji, maana siafu wa huku mnawajua. Bakuli la maji nimelifunga kwa waya asilipindue.

Mkanda wa shingoni mvue kila unapomfungia. Ukinasa kwenye waya anaweza kujinyonga.

Mdau wa Tandahimba
Huku kwetu kizimba kimekuwa lazima kwa sababu ya korosho. Msimu ukianza mwezi wa kumi, uani kuna korosho ghafi zinaanikwa, na mbwa mdogo anatafuna kila anachokiona. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayobabua ngozi, sasa fikiria yakimwingia mdomoni. Bado salfa na dawa za mikorosho watu wanazohifadhi nyumbani. Tukienda shamba alfajiri, wangu anaingia kizimbani na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe, mifupa ya kuku simpi kabisa. Tunarudi kabla jua halijakali.

Mdau wa Lindi mjini
Kwa sisi tunaoishi na wazazi wanaoswali, kizimba kimeleta amani. Bibi hakutaka mbwa aguse mkeka wala vyombo, na ana haki yake. Kizimba kipo uani mbali na mahali pa kutawadhia, bakuli lake ni lake peke yake, na anayemhudumia ni mimi tu. Siku hizi bibi mwenyewe ndiye anayenikumbusha kuwa mbwa hajapewa maji.

Mdau wa Masasi (nipo kwenye mifugo)
Mwanzisha uzi, angalia saa. Kwa makadirio ya kawaida, mtoto wa mbwa anabana mkojo saa moja kwa kila mwezi wa umri, labda na moja ya ziada. Wako ni saa mbili, tatu akijitahidi. Ukipitiliza atajikojolea mle, na akishazoea kulala kwenye uchafu, kumrudisha ni kazi kubwa. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikiwa kikubwa mno atalala kona moja na kujisaidia nyingine, kwa hiyo weka ubao wa kukigawa, uusogeze anavyokua.

Kulia kidogo kisha akanyamaza ni kawaida. Akitokwa mate mengi, akitafuna mbao mpaka fizi zinatoka damu, hiyo ni hofu, mfungulie. Na usimfungie kizimbani kama adhabu hata siku moja. Akifika miezi mitatu mpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa, kizimba hakichukui nafasi yake.

Mwanzisha uzi
Shukrani sana wakuu. Hapo kwenye saa ndipo penye shida. Tunatoka saa moja na nusu asubuhi, kurudi ni saa kumi.

Mdau wa Masasi
Basi kwa sasa usiufunge mlango mkiwa kazini. Zungushia uzio wa waya kipande cha uani chenye kivuli, kizimba kiwe ndani yake wazi, alale humo na ajisaidie nje yake. Mlango uufunge jioni na usiku mkiwepo, aendelee kujifunza. Pia tafuta kijana wa jirani unayemwamini, umpe chochote, awe anapita saa nne na saa saba kumpa maji na chakula na kucheza naye. Akifika miezi sita mjaribu saa nne mfululizo.

Mama wa Mikindani
Na hao majirani wanaolalamika waeleze kuwa unamfundisha. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba, na aliyekuwa analalamika kuliko wote ndiye mwanawe alikuja kumwangalia mchana.