Naomba ushauri: niendelee na riwaya hii ya mapenzi ya kimafia?

Ndugu wanachama, nawasalimu. Ninasoma riwaya ya mapenzi yenye ukatili, iliyochapishwa na mwandishi mwenyewe, ambamo binti wa Palermo, Italia, anaozwa kwa nguvu kwa mkuu wa ukoo wa Cosa Nostra, yaani mafia wa Sisilia. Lugha yake inanivuta mno, lakini jinsi binti anavyoanza kumpenda anayemfungia inanisumbua, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 1992 Cosa Nostra halisi iliwaua Falcone na Borsellino, mahakimu waliopambana na mafia. Nimelisoma tena onyo la mwanzoni na kuruka kurasa kali, bila kupata nafuu.

Je, katika riwaya za aina hii mwanamke kwa kawaida hupata uwezo wa kujiamulia kabla ya mwisho? Na nikiiacha katikati, ni haki kuandika maoni hadharani, ilhali mwandishi asiye na kampuni ya uchapishaji hutegemea sana maoni ya wasomaji?