Kitufe cha nafasi kinagonga: nibadilishe swichi zote?

mpenda_vitufe: Wadau, salaam. Nina kibodi ya kimakanika ya asilimia 65 (ndogo, isiyo na safu ya F wala sehemu ya namba), na swichi zake, vile vifaa vilivyo chini ya kila kitufe, ni za kahawia, za kuchomoa na kuchomeka bila kulehemu. Herufi zote nazipenda mlio wake, ila kitufe cha nafasi, Enter na Backspace vina mlio wa waya unaochezacheza. Nataka nianze kuijenga upya kidogo kidogo. Nikinunua seti nzima ya swichi nyekundu, kelele itaisha?

fundi_wa_stabilaiza: Karibu sana, ndugu. Haitaisha, kwa hiyo usinunue kwanza. Tazama vitufe ulivyovitaja: vyote ni virefu. Kitufe kirefu kina stabilaiza, yaani vishikio viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa waya wa chuma ili ukibonyeza pembeni kishuke sawasawa badala ya kulala upande. Waya ukiwa mkavu au umepinda, unagonga plastiki. Weka swichi bora kuliko zote, waya utabaki ule ule.

Zitoe. Stabilaiza za kubana kwenye bamba linaloshika swichi hutokea juu ukishachomoa swichi. Za skrubu zimeshikwa na bodi ya saketi, hivyo lazima ufungue kasha. Laza waya juu ya kioo. Mkono mmoja wa waya ukinyanyuka, unyooshe polepole kwa koleo hadi yote miwili ilale. Kisha jaza grisi ya dielektriki (isiyopitisha umeme) pale ncha za waya zinapoingia kwenye plastiki, wala usiibanie. Kuta za ndani za vishikio zipake grisi ya Krytox 205g0, safu nyembamba tu, kwa brashi ndogo ya kuchorea. Rudisha, halafu bonyeza kushoto, katikati, kulia, ukisikiliza.

Hapa ndipo mimi hutumia saa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kibodi, na nasisitiza kila anayeanza afanye hivyo. Kitufe cha nafasi unakipiga kila baada ya neno. Kikiwa na kelele, hakuna rangi wala kasha la alumini litakalokufanya uipende hiyo kibodi.

kidole_chepesi: Naunga mkono. Ila kama mkono wake unataka wepesi, nyekundu asizitupilie mbali. Kwa swichi za Cherry MX, nyekundu na kahawia zote zinaitika (yaani herufi inaandikwa) kwa nguvu ya karibu gramu 45, milimita 2 kutoka juu, na safari nzima ni milimita 4. Tofauti ni kile kinundu cha kahawia katikati ya safari. Mimi kinundu kinanikera, nataka kidole kiteleze moja kwa moja.

fundi_wa_stabilaiza: Hilo ni la kidole cha mtu, sibishani. Ndiyo maana namwambia anunue chache za kila aina, achomeke kwenye herufi anazozitumia sana, aandike kazi yake ya kawaida. Na akiamua kuzipaka grisi za kahawia, asiguse miguu ya shina (sehemu ya swichi inayoshuka ukibonyeza) inayosugua kile kibati cha shaba: kinundu kitafifia. Za buluu zenye mlio wa "klik" mimi sizigusi kabisa.

mpenda_vitufe: Asanteni mno. Nina moja la mwisho: nimeona vifuniko vya vitufe vya PBT, aina ya plastiki, vya kupendeza. Vitaingia?

mkusanyaji_wa_zamani: Ukiona shina la swichi lina umbo la msalaba, vifuniko vya aina ya MX vitaingia. (Mimi nina kibodi ya IBM Model M, ile ya springi inayojikunja iliyotoka 1985, hiyo vifuniko vyake ni vya kwake peke yake, na mlio wake siubadilishi kwa kitu chochote.) PBT ni chaguo zuri, haing'ai upesi kwa kusuguliwa na vidole kama plastiki ya ABS. Hofu yangu ni ukubwa. Kibodi nyingi za asilimia 65 zina Shift ya kulia fupi, mara 1.75 ya kitufe cha herufi, na seti nyingi za kawaida huja na ya 2.75 pekee. Pima yako kabla hujalipa: nafasi ya kitufe kimoja cha herufi ni milimita 19.05.

fundi_wa_stabilaiza: Pima na safu yote ya chini pia, maana Alt na Ctrl za kulia hubanwa ziwe ndogo. Na ukichomeka swichi, hakikisha kwanza pini zimenyooka, shika bodi kwa chini pale soketi ilipo, ndipo usukume. Soketi ikibanduka, hapo sasa ni kazi ya kulehemu.

mpenda_vitufe: Nimepima: ni 1.75 kweli. Naagiza grisi na brashi kwanza, vifuniko baadaye.