Ushauri: nampeleka bi mkubwa Bagamoyo, tunataka kwenda mdogo mdogo, makumbusho, kanisa na msosi wa pwani

MwanaMoro
Wakuu habarini za jioni. Niko Morogoro, bi mkubwa wangu, yaani mama, ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia shule ya msingi miaka na miaka, watoto wa watu kawaimbisha biashara ya utumwa, misafara, sijui Livingstone, Abushiri, na Bagamoyo yenyewe hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Sasa nimepata likizo nataka nimpeleke. Ni Mkatoliki wa kwaya kabisa, kwa hiyo misheni lazima. Goti linamsumbua, hawezi mizunguko mirefu, na samaki anapenda kuliko nyama. Sitaki ile safari ya kukimbizana, piga picha ingia kwenye gari. Naomba mnipangie tuanzie wapi, tule wapi, na kama kuna haja ya kupitia Dar. Usafiri ni basi. Nawasilisha.

Chalii_wa_Ubungo
Mkuu Bagamoyo siku moja inatosha, asubuhi mpaka saa tisa umemaliza kila kitu. Unganisha na Saadani mkaone wanyama, la sivyo mtaboreka.

MpwaWaDunda
Hapo juu sikubaliani kabisa. Siku moja inamtosha anayekuja kupiga picha. Huyu ni mwalimu wa historia, atataka kusoma kila kibao ukutani na kumuuliza maswali anayewatembeza, mwache aulize. Na Saadani na goti bovu, barabara ya vumbi, hapana. Laleni Bagamoyo, na kila nusu siku wekeni sehemu moja tu.

Dar msiende. Kutoka Moro pandeni mpaka Chalinze, hapo mnachukua gari la kuelekea Tanga mnashuka Msata, halafu Msata kuja Bagamoyo lami tupu. Mkifika mjini bajaji zipo kibao, mchukueni mmoja mkubaliane bei kabla hamjapanda, awapeleke na kuwasubiri.

Misheni nendeni asubuhi jua halijawa kali. Mnaingia kwa ile njia ya miembe, kivuli chake ni raha, mama atatembea taratibu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868 wakitokea Zanzibar, wakawa wanawakomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji. Kanisa la kwanza ni la 1872, mnara wake ndio ule bado umesimama, na hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa London. Mama atakuwa amefundisha habari za Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone walioubeba mwili wake, basi mwambie hapa ndipo waliposhusha mzigo baada ya kuubeba kwa miguu toka Chitambo, Zambia ya leo. Moyo waliuzika kulekule chini ya mti. Mimi nimezaliwa hapa na bado nikisimama pale nawafikiria wale wapagazi zaidi kuliko huyo Mzungu, maana majina yao wengi hatuyajui.

Makumbusho iko kwenye nyumba ya zamani ya masista, minyororo ya watumwa imo na picha za zamani. Chukueni mtu wa kuwaelezea. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa 1910 hadi 1914, Jumapili msalini humo.

Shangazi Tumu
Mwanangu Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama. Mpeleke na makaburi ya wamisionari hapo misheni, wengi walikufa vijana kwa malaria, akasali kidogo. Na ule mbuyu wenye kipande cha mnyororo, atakayekwambia ni wa watumwa usimkubalie, ule ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja Mzungu aliyekuwa anahudumia hapo. Historia ya watumwa inauma vya kutosha, haihitaji kuongezewa.

MwanaMoro
Shikamoo shangazi, asante sana. Hilo la mnyororo nilikuwa naliamini kabisa. Na magofu ya Kaole vipi, goti litaruhusu?

Shangazi Tumu
Marahaba. Kaole ni kama kilomita 5 kutoka mjini, bajaji inawafikisha mpaka getini. Pametulia, kuna gofu la msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na kisima cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na bahari iko palepale. Kuna chumba cha makumbusho, mtaona vipande vya vyombo vya China. Mama yako hata kama ni Mkristo ajifunge kanga vizuri, watu bado wanakuja pale kuomba dua.

FundiMilango
Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo nendeni alasiri. Ngome Kongwe ya 1860, Boma la Mjerumani la 1897, na milango ya kuchonga, mimi ndiyo kazi yangu, mwambie mama asipite haraka, ashike aone nakshi. Baadhi ya nyumba zinabomoka na inaniuma, waje watu wazione zingali zipo. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar. Na yule Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kule Sudan, alianguka dirishani hapa kwenye sherehe ya kumpokea, 1889. Jioni ulizeni TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa, kama kuna onyesho, ngoma zao si mchezo.

MamaKamba
Msosi sasa!! Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi kwa akina mama wa mtaani, chai ya tangawizi. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni shukeni pale soko la samaki ufukweni, mnada ukichangamka utaona watu wanavyogombea kolekole, halafu wakaangaji wapo na makarai yao, ngisi, kamba, pweza, mnachagua wenyewe anawakaangia, weka ndimu na pilipili. Kama mama ana presha mwambie mkaangaji apunguze chumvi mapema, sio akishaweka. Supu ya pweza iachieni siku ya mwisho, wengine tumbo linakuwa halijazoea.

MwanaMoro
Nimeshaandika yote kwenye daftari, mama mwenyewe yuko pembeni anasoma na amesema Saadani hataki kuisikia. Swali la mwisho, misa ya Jumapili saa ngapi, na mananasi ya Kiwangwa tununue wapi?

MpwaWaDunda
Saa ya misa ulizeni ofisi ya parokia mkifika Jumamosi, hubadilika. Mananasi mtayaona barabarani Kiwangwa mkiwa mnatoka Msata, ila nunueni wakati wa kurudi, mwambie konda mapema asimame. Chagua linalonukia kitakoni, rangi isikudanganye.