Makanisa na serikali katika mapinduzi ya Ethiopia: mtafiti aanzie wapi?

Mtafiti wa Iringa
Shikamooni wakubwa. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu uhusiano wa makanisa na serikali ya Derg, yaani wanajeshi walioshika madaraka Ethiopia baada ya Mfalme Haile Selassie kuangushwa Septemba 1974. Maandishi mengi niliyosoma yanasimulia mateso tu, kana kwamba serikali na kanisa walikuwa maadui tangu mwanzo. Je, mtu akianzia hapo hajajifunga kabla ya kufungua jalada hata moja?

Mwalimu Njombe
Marahaba. Umejifunga kweli. Kanisa la Orthodox lilikuwa kanisa la dola lenye ardhi nyingi, kwa hiyo tangazo la Machi 1975 la kutaifisha ardhi ya vijijini lililigusa mfukoni, na mwaka uliofuata mkuu wake, Patriaki Theophilos, akaondolewa. Mekane Yesus, Walutheri wenzetu, walikuwa na waumini wengi magharibi na kusini, miongoni mwa wakulima waliolima ardhi ya mabwana, na wengi wao waliyapokea mageuzi hayo kwa furaha. Swali lenye uzito ni kilichotokea kati ya furaha ile na Julai 28, 1979, siku ambayo katibu mkuu wao, Gudina Tumsa, alitekwa jijini Addis Ababa na kuuawa. Patriaki naye aliuawa mwaka huohuo. Ifuatilie miaka hiyo minne sehemu kwa sehemu, maana mambo ya Wallaga, kule magharibi, si lazima yawe ya Addis Ababa.

Tukuyu Kwetu
Usiisahau redio. Kituo cha Sauti ya Injili cha Addis Ababa, mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kilitwaliwa na serikali Machi 1977. Kilirusha pia vipindi vya Kiswahili vilivyoandaliwa Moshi. Marehemu baba alikuwa akianika betri juani ili zipate nguvu za kumfikisha mwisho wa kipindi. Juni mwaka huohuo Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake. Kabla ya kuwaza nauli ya Addis Ababa, omba kibali usome barua na mihtasari ya vikao vya miaka hiyo katika ofisi za dayosisi zetu.

Mtafiti wa Iringa
Nawashukuru sana. Msimamizi wangu anataka pia sura ya kulinganisha na Tanzania, ambako shule za misheni zilitaifishwa kwa sheria ya 1969. Inafaa?

Mwalimu Njombe
Inafaa ikiwa fupi. Hapa zilichukuliwa shule, uongozi wa makanisa ukaachwa, na Nyerere, Mkatoliki mwenyewe, aliendelea kuzungumza na maaskofu. Inasimuliwa hata kwamba yeye ndiye aliyemwandalia Gudina njia ya kuondoka Ethiopia, naye akakataa kuliacha kundi lake. Habari hiyo itafutie ushahidi wa maandishi kwanza. Ukiupata, hiyo sura ya kulinganisha itakuwa na mahali pa kuanzia.