Safari ya kuongozwa Rwenzori: je, siku saba zamtosha mtu wa Pwani?

Mkaazi wa Shela
Assalamu alaykum. Mimi na binamu yangu tunanuia kuizunguka milima ya Rwenzori kwa ile njia ya katikati inayoanzia Nyakalengija, upande wa Uganda. Mpango tuliopewa ni wa siku saba, pamoja na kulala kwenye kibanda cha Elena na kujaribu kufika Margherita, kilele cha mita 5,109 kilichopo mpakani mwa Uganda na Kongo. Mchanga wa Shela twautembea bila taabu, lakini mlima hatuujui. Je, mpango huu unatufaa, na twende msimu gani?

Mzee wa Malindi
Wa alaykumu salaam, kijana wangu. Nguvu za miguu hazimkingi mtu na upungufu wa hewa. Kijana mwenye mbio huumwa upesi zaidi kwa sababu hupanda kwa haraka. Ukishapita mita 3,000, inashauriwa usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Sasa tazama vituo vya kulala katika mpango wenu: Nyabitaba ni karibu mita 2,650, John Matte ni karibu 3,400, Bujuku ni karibu 4,000, na Elena ni zaidi ya 4,500, tena usiku kwa usiku bila siku ya kupumzika. Ombeni usiku wa pili Bujuku, hata kama gharama itapanda. Dawa ya asetazolamidi husaidia, ila muoneni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Anayeanza kuyumba au kupumua kwa shida hata akiwa amepumzika hateremshwi kesho. Huteremshwa saa ile ile.

Bi. Mpenda Milima
Naafikiana na mzee, lakini nyinyi mtateswa na matope kabla ya kuteswa na mwinuko. Kinamasi cha Bigo, mkielekea Bujuku, huvukwa kwa gambuti, na ingawa sehemu kadhaa zimetengenezewa vivuko vya mbao, anayekwenda na viatu vya ngozi pekee atajuta. Nguo za kulalia zifungeni ndani ya mifuko ya plastiki, maana mvua hunyesha hata katika miezi ya nafuu, yaani Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ambayo kwetu ni kaskazi. Waongozaji na wapagazi wengi ni Wakonzo wa huko huko. Wakisema mgeuze, geukeni.

Kuhusu Margherita nina shaka. Pale kuna barafu inayovukwa kwa kamba na meno ya chuma chini ya viatu, na kwa kuwa barafu hiyo inazidi kupungua, mapito yake hubadilika. Mnaweza kutoka Bujuku, mkapita uchochoro wa Scott Elliot ulio kati ya vilele, kwenye mwinuko wa mita 4,372, na kushukia maziwa ya Kitandara bila kulala Elena. Maziwa yale, kwangu mimi, yanakishinda kilele chenyewe.

Mkaazi wa Shela
Ahsanteni sana. Basi tutaomba mpango wa kupitia Kitandara, mwezi wa Januari. Mpakani twahitaji pasipoti?

Mzee wa Malindi
Kwa Mkenya kitambulisho cha taifa kinatosha. Chukueni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nayo mchanjwe mapema, kwani cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano.